Kona Saba za Letras

Sanduku lilikuwa la mbao, la sabuni, na Doña Belarmina Murcia alikuwa amelifunga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Inspekta Yamile Ospitia aliutazama mpira huo kabla ya kitu kingine chochote. Mpira ukiachwa mahali pamoja miaka mingi hukauka na kupasuka. Huu ulikuwa laini, umepakwa mafuta si zamani. Mama huyu alikuwa akilifungua sanduku mara kwa mara, kisha akilifunga tena.

"Umekula?" Doña Belarmina aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Kahawa."

"Kahawa si chakula. Kaa hapo."

Yamile akakaa. Katika kazi yake alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, waganga wa uongo na diwani mmoja, lakini hakuwahi kumshinda mama wa mkoa huu wa Tolima aliyeshika sahani. Akawekewa tamale la jana lililopashwa moto, wali na nyama ndani ya jani la mgomba, akaanza kulifungua huku akizungumza.

"Faili nimelisoma lote. Sasa nataka nisikie kwako."

"La kusikia ni moja tu. Heliodoro Tafur alimuua mwanangu."

Faili halikusema hivyo. Lilisema kwamba mwezi Mei mwaka 1985 vijana wawili, Arcesio Murcia na Heliodoro Tafur, marafiki tangu utotoni, waliondoka Mariquita alfajiri kupanda mlima wa Letras kwa baiskeli: kilometa themanini za kupanda, kutoka joto la bondeni mpaka baridi ya kukata masikio. Timu ya mkoa ilikuwa na nafasi moja, na kocha alikuwa amesema ni ya yule atakayefika kileleni kwanza. Wakifika juu wangeteremkia upande wa pili wakalale Manizales. Alasiri Arcesio akakutwa mtaroni, kwenye kona iliyo juu kidogo ya kijiji cha Delgaditas, ameshakufa, na baiskeli yake imeelekea chini. Heliodoro alieleza kuwa mwenzake aliishiwa nguvu akageuza, na kwamba yeye aliendelea peke yake mpaka kileleni, kisha akarudi kumtazama. Mipira ya breki ya marehemu ilikutwa imelika hadi chuma.

"Mipira ile ilikuwa mipya," Doña Belarmina alisema. "Heliodoro ndiye aliyeifunga, Jumamosi, hapo nje, mimi nimesimama. Niambie wewe uliyesoma. Mtu apande siku nzima, ageuze, ateremke kona mbili, na mipira mipya iishe? Alimfungia mibovu. Aliitaka nafasi."

"Alipewa nafasi, lakini hakwenda kwenye mashindano yoyote."

"Damu ya mwanangu ilimlemea."

Hoja ya mama ilikuwa nzuri kuliko nyingi alizozisikia ofisini. Huko walimpa yeye faili hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka: mwakani miaka ishirini ingetimia, na kwa sheria lingefungwa.

"Na kuna jambo la pili," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mji huu wote unajua kwamba Arcesio aligeuza. Nikipita sokoni wananionea huruma, mama wa yule aliyegeuza. Bora wanionee huruma kwa kuwa aliuawa."

Akafungua sanduku. Viatu, kaptula, fulana moja iliyoingia ugumu, kofia ya kuendeshea, chupa mbili za maji, na gazeti ndani ya mfuko wa plastiki wa maziwa.

Yamile alianza na chupa. Ndani ya kila moja kulikuwa na ukoko wa kahawia uliopanda mpaka shingoni. Alinusa, ingawa baada ya miaka hiyo hapakuwa na la kunusa.

"Polisi walikupa zikiwa tupu?"

"Zimejaa. Nilizimwaga mwenyewe."

"Asubuhi ile ulimwekea maji ya sukari guru?"

"Maji na ndimu. Sukari guru ilikuwa imeniishia. Nakumbuka kwa sababu nimeililia mara nyingi. Mtoto anakwenda kufa na sina hata sukari guru ya kumwekea."

Yamile akageukia fulana. Kifuani kulikuwa na madoa ya kijivu, mistari kwa mistari.

"Sikuifua," mama alisema. "Ni uchafu wa barabarani."

"Una kioo, mama?"

Doña Belarmina alipokwenda kukitafuta, Yamile alibaki akitazama redio iliyokuwa juu ya kabati. Ilikuwa ya aina ileile ya baba yake. Baba alikuwa mchuma kahawa huko Fresno, na siku za mashindano aliifunga redio kiunoni pamoja na kikapu, shamba zima likawa na sauti moja kutoka mti hadi mti. Hakuna aliyeziona mbio zenyewe, barabara ilipita ng'ambo ya bonde. Lakini kila mtu alizijua kona saba za Letras, zile za mwisho kabla ya kilele, na msalaba wa jiwe kwenye kona ya nne, kwa kuwa mtangazaji alizihesabu moja moja, sauti yake ikipanda pamoja nazo. Wachumaji waliacha kuchuma. Baba alihesabu kwa vidole, na ikifika ya saba alimnyanyua Yamile juu ya mibuni aione mbio isiyoonekana. Baba alikuwa amekufa zamani. Yamile angetoa chochote ahesabiwe kona zile mara moja tena.

Wiki iliyopita alikuwa amepanda Letras kwa gari la ofisi kwa ajili ya faili hili, na alizitafuta. Hakuziona. Barabara ya mwisho ilikuwa ndefu na tulivu, nyasi pande zote mbili na ng'ombe ndani ya ukungu. Kileleni kuna mama anayepikia wapita njia katika nyumba alimozaliwa, Doña Tránsito, na alipoulizwa habari za kona hizo alicheka mpaka akakohoa.

"Wazee wa huko chini wote husema zilinyooshwa barabara ilipopanuliwa. Hapa halijasogezwa hata jiwe tangu enzi za baba yangu, binti. Yule wa redio gari lake halikuwa likifika. Ukungu ukimzidi alikaa Delgaditas na kikombe chake, akatunga."

Yamile alikunywa maji yake ya moto ya sukari guru akajiona ameibiwa. Habari za Arcesio mama yule hakuzikumbuka. Vijana wote hufika na sura moja, alisema, ya tope. Kisha akamwonyesha rundo la magazeti kando ya jiko. Gari la maziwa huyaleta kutoka Manizales, na kila mwendesha baiskeli hupewa moja bure, ajiwekee kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka, upepo usimuue.

Kioo kililetwa. Yamile akakisimamisha mbele ya fulana, akainama. Madoa yakawa herufi. Nyingi zilikuwa zimefifia, lakini tangazo la duka la viatu lilisomeka vizuri, na chini yake jina la mji: Manizales.

Akalichukua gazeti lililokuwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hilo ni takataka za polisi," Doña Belarmina alisema. "Walifungia viatu."

Gazeti halikuwa na alama yoyote ya viatu. Lilikuwa kavu, limekunjwa mara moja tu kwa marefu, na pembe moja ya juu ilikuwa imechanwa kwa uangalifu, mviringo. Hili nalo lilikuwa la Manizales. Yamile alilitazama kwa muda, kisha akalirudisha katika mfuko wake.

"Umeona nini?"

"Bado, mama. Kuna mtu nataka kumwuliza njia kwanza. Nikishajua, wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Naomba niondoke na fulana na gazeti."

"Utarudisha?"

"Leo leo."

"Mwenzako wa zamani alisema hivyo kuhusu baiskeli," mama alisema, lakini akampa.

*

Mariquita ina desturi yake. Aliyefika Letras kwa miguu yake mwenyewe huandika jina ndani ya kofia yake na kuitundika kwenye boriti za karakana ya baiskeli iliyo nyuma ya soko. Kofia zilikuwa zimejaa paa zima, nyingine zimekuwa rangi ya vumbi, na feni ikizunguka zilitikisika zote kidogo. Chini yake Heliodoro Tafur, mtu mwenye kifua kipana na mvi za mapema, alikuwa akinyoosha ringi. Aliiona baiskeli kabla ya kumwona Yamile aliyeisukuma.

"Hii ya nani, ya Nuhu?"

"Ya baba yangu."

"Mungu amrehemu. Alikuwa anaichukia?"

"Aliipenda kuliko mama yangu."

"Basi wewe ndiwe unayeichukia. Cheni hii imeona mafuta lini?" Akaipitishia kidole, akakitazama. "Na nakujua wewe nani, Inspekta, usijisumbue kutoa kitambulisho. Umetoka kwa Doña Belarmina."

"Nimetoka huko."

"Amesema nimeua."

"Amesema."

"Husema kila mwezi wa Mei. Mwaka huu kaanza mapema." Alisema kama mtu anayezungumzia mvua, lakini alikuwa ameiweka ringi chini. "Haya, uliza."

"Jumapili nataka kupanda Letras. Nipangie safari."

"Unanichezea."

"Baiskeli si nimekuja nayo?"

Mpangie mtu safari ya Letras: hakuna fundi wa Mariquita anayeweza kukataa ombi hilo, hata akiombwa na mnyongaji wake. Heliodoro akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akachukua cheni kuukuu iliyotundikwa ukutani. Akailaza juu ya meza ya kazi na kuanza kuikunja huku na huku kwa vidole, kona baada ya kona. Akaokota nati, akaweka moja mwanzoni.

"Mariquita. Unaondoka giza bado, jua likikukuta hapa chini limeshakula nusu ya nguvu zako. Gia nyepesi tangu nyumbani. Utapitwa na wajinga, waache. Utawakuta wamekaa chini ya mti wanasingizia pancha."

Nati ya pili. "Fresno. Hapa utasikia harufu ya kahawa."

"Nimezaliwa hapo."

"Basi usiende kusalimia ndugu. Ukikaa kwenye kiti cha Fresno hutainuka. Kunywa umesimama, ondoka. Baada ya hapo barabara inakudanganya. Inateremka kidogo, unafurahi, unasema kumbe. Kila unachoteremka utakilipa. Kula kabla hujasikia njaa. Halua ya mapera, ile ya kufungwa kwa jani, uiweke mfuko wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki kwenye breki."

Alikuwa amesahau kwamba anahojiwa. Sauti yake ilipata wepesi, na Yamile, aliyekuja na mtego, alijikuta anafurahia, maana hivi ndivyo wanaume walivyokuwa wakizungumza kibarazani kwao alipokuwa mdogo, kila mmoja na mlima wake mdomoni.

"Padua." Nati ya tatu. "Jaza chupa zote mbili, juu ya hapo usitegemee mtu. Kuna mbwa mweusi kwenye nyumba ya bluu."

"Bado yupo?"

"Wa zamani alikufa, mjukuu wake ana tabia ileile. Halafu unapanda, unapanda, miti inabadilika, ukungu unaingia mpaka mdomoni. Utasikia ng'ombe usiowaona. Mkono wa kulia banda la maziwa lenye paa la bati, ubao wa tatu umelegea, ukiusukuma unaingia ndani unajikinga na mvua." Nati ya nne. "Delgaditas."

"Nikifika hapo chupa zitakuwaje?"

"Moja tupu, nyingine nusu. Kama zimejaa, hukunywa, na umeshakwisha."

"Na gazeti? Wanasema kuna kuweka gazeti kifuani. Niliweke lini? Hapo Delgaditas, baridi inapoanza?"

Heliodoro akamwonea huruma ya kweli. "Dada, gazeti ni la kuteremkia. Ukipanda nalo jasho litalilowanisha, utakuwa umejifunga kitambaa cha maiti. Unaliweka juu, kileleni, jasho likiwa limeanza kukauka. Mtoto wa chekechea hapa anajua."

"Sawa. Kutoka Delgaditas kwenda juu?"

"Hapo ni moyo tu."

"Moyo ninao. Kuna nini?"

Vidole vyake vilikuwa vimeikunja cheni vizuri mpaka kwenye nati ya nne. Sasa vilikwenda haraka. "Unapanda. Baridi. Ukungu. Halafu zinakuja kona saba." Akazikunja mwishoni kabisa, zimebanana. "Siku hizi wamezinyoosha, huwezi kuziona, lakini enzi zetu zilikuwa saba, na kwenye ya nne msalaba wa jiwe. Ukiuona msalaba unajua umefika."

Kwa dakika moja Yamile hakutaka kuendelea. Sauti ya redio ilikuwa humo humo ndani ya karakana, na vidole vya baba yake.

"Msalaba uko upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto ukipanda."

"Ndiyo."

"Na kofia yako iko pale juu."

"Iko. Hata wewe unaiona."

Yamile akaweka kidole kwenye ncha ya cheni, akaivuta polepole. Kona zikafunguka moja baada ya nyingine mpaka cheni ikalala imenyooka mezani, kutoka nati ya nne hadi mwisho.

"Hakuna msalaba, Don Heliodoro. Haukuwahi kuwepo, na kona hazikuwahi kuwepo. Mimi pia nilizisikia redioni."

"Walizinyoosha."

"Mama anayeishi pale kileleni alizaliwa pale. Hawakugusa hata jiwe. Mtangazaji alikuwa Delgaditas anakunywa kahawa."

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya samaki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Heliodoro Tafur ilikuwa imeishia Delgaditas, kwenye ubao wa tatu.

"Bandani ulikaa muda gani?" Yamile aliuliza.

Alichukua kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa safi. "Sijui. Mapaja yalikuwa yamekaza, nimeshindwa hata kusimama. Arcesio akaniingiza mle ndani. Akasema kaa, nitarudi. Nikamwambia usinirudie, nafasi umeshapata, teremka Manizales ukalale. Sikumwambia kwa wema."

"Kisha?"

"Kisha baridi ikanilaza. Nilichoamshwa nacho ni watu wanakimbilia kwenye kona. Nikajiburuta. Nikamkuta pale, baiskeli imeelekea chini. Nikajua na yeye kageuza, kashindwa kama mimi. Wote wawili. Mtu mmoja akaniuliza, nani amefika?" Akakikunja kitambaa. "Nikasema mimi."

"Neno moja."

"Neno moja. Niliona halimdhuru mtu, yeye keshakufa. Na mimi ningerudije mji huu? Na mwaka ukapita, nikaitundika na kofia." Akainua macho. "Hilo nifunge nalo, ni haki yako. Lakini breki, Inspekta, mimi mwenyewe sijui. Nimeifikiri mipira ile maisha yangu yote. Ilikuwa mipya. Niliitoa dukani kwenye karatasi yake. Mipira mipya haiishi kwa kona mbili. Labda nilifunga vibaya. Labda ni mimi kweli. Nafasi ya timu sikuitaka tena kwa sababu kila nikishika breki namwona yeye."

Yamile akaikunjua fulana, akaitandaza juu ya cheni.

Heliodoro hakuhitaji kioo. Fundi aliyevaa magazeti ujana wake wote anajua wino wa gazeti unavyokaa kifuani. Aliutazama, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Hii yake?"

"Yake. Umeniambia wewe mwenyewe gazeti huwekwa wapi."

"Juu," alisema. Kisha tena, bila sauti.

"Hili ni la Manizales. Huku kwetu halisomwi. Hupatikana kwenye jiko moja tu, la kileleni. Na chupa zake zilikutwa zimejaa sukari guru mpaka shingoni, naye alitoka kwao na maji ya ndimu. Hakugeuza, Don Heliodoro. Alifika, akapata moto, akajaza chupa, akavaa gazeti, na badala ya kwenda Manizales akarudi upande huu."

Mtu yule alikuwa fundi, na ufundi ulimjia kabla ya machozi. "Kilometa ishirini na kitu," alisema polepole. "Kwenye mvua. Na mchanga unaoshuka kutoka kingo, unaingia kati ya mpira na ringi kama msasa. Hakuna mpira unaobaki, hata ungekuwa wa jana. Hakuna." Akakaa juu ya kreti. "Kwa hiyo si mipira yangu."

"Si mipira yako."

"Lakini kwa nini arudi? Nilimwambia asirudi."

Yamile akalitoa gazeti la pili ndani ya mfuko wa maziwa, akaliweka magotini mwa Heliodoro.

"Hili alilibeba katika mfuko wa mgongoni wa jezi, ndani ya plastiki lisilowe. Lake lilikuwa tayari kifuani."

Heliodoro aliligeuza. Lilikuwa limekunjwa mara moja. Arcesio alikuwa mwembamba, yeye alikunja la kwake mara mbili, na wenzake walimtania kwamba anavaa ukurasa wa vifo tu. Heliodoro pekee ndiye aliyekuwa na kifua cha kuchukua ukurasa mzima, na pembe ilichanwa mviringo kwa sababu karatasi ilikuwa ikimkata shingoni na alilalamika kila safari. Alilishika kifuani, juu ya shati la kazi. Lilimwenea kutoka bega hadi bega. Akabaki amelishika hivyo, akalia kama wanavyolia watu wazima, bila kujua waweke wapi uso.

Yamile alitoka nje akasimama karibu na samaki mpaka aliposikia ngazi ikiburutwa sakafuni. Aliporudi ndani Heliodoro alikuwa juu, anafungua uzi kwenye boriti.

"Nitafungwa?" aliuliza kutoka huko juu.

"Kwa uongo ule? Muda wake kisheria ulishapita zamani."

"Afadhali ungenifunga." Alishuka na kofia yake mkononi. Akasimama mbele ya meza, akaitazama ile sehemu ya cheni iliyonyooka. "Jumapili ulikuwa unaenda kweli?"

"Nilikuwa sijaamua."

"Huko juu, baada ya Delgaditas. Kuna nini? Mimi sijui."

Basi Yamile akampangia. Akamwambia nyasi ni fupi, ng'ombe husikika kabla ya kuonekana, mwinuko si mkali kama anavyofikiri ila ni mrefu, na mwishoni huoni kilele bali unasikia harufu ya kuni. Heliodoro alisikiliza akitikisa kichwa, kama wachumaji wa Fresno mbele ya redio.

*

Doña Belarmina alikuwa ameketi palepale, sanduku wazi mbele yake. Yamile alimrudishia fulana na gazeti, akamwonyesha tena kwenye kioo, akamweleza yote, chupa, wino na mchanga wa mvua, naye mama aliuliza maswali machache na ya maana. Aliuliza mara mbili kuhusu breki. Kuhusu gazeti la pili hakuuliza kitu. Alilikunja kama lilivyokuwa limekunjwa na kuliweka kando, nje ya sanduku.

"Nje kuna mtu," alisema.

"Ni yeye. Nimemwambia asubiri. Nilikuahidi wewe kwanza."

Mlango ulikuwa wazi. Heliodoro Tafur alikuwa amesimama juani na kofia mkononi, hajakanyaga kizingiti alichokikanyaga kila siku alipokuwa kijana. Mama hakugeuza uso. Aliuliza kwa sauti, akielekea ukutani:

"Nani alifika?"

"Arcesio, mama," Heliodoro alisema. "Peke yake. Mimi sikufika."

Majirani wawili waliokuwa wakipita na mizigo yao ya soko walisimama. Hakuwajali. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, wasikie vizuri.

Doña Belarmina alitoa kofia ya mwanawe ndani ya sanduku, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka mezani upande wa mlangoni, mahali ambapo mtu akiingia angeweza kuichukua na kwenda kuitundika. Kisha akainuka kwa kujishikilia meza, akaenda jikoni. Walimsikia akiinua kifuniko.

"Inspekta," aliita kutoka huko. "Mwulize kama amekula."